Skrubu ya Katikati

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako naijaza mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kukohoa kwanza.

Mama hajambo. Anakula, analala kiasi, na ameanza tena kuwagombeza kuku wa jirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi niko kazini kulekule, asubuhi mafaili, jioni foleni ya kutoka Mtumba. Mzabibu wako wa uani umezaa zilezile zabibu chachu ulizokuwa unatulazimisha tuseme ni tamu. Safari hii tumesema ni tamu bila kulazimishwa.

Lakini sikuandikii habari za zabibu. Nakuandikia habari za pikipiki.

Tulipomaliza msiba, wajomba walisema iuzwe. Mimi nikasema naichukua, nitaendea kazini. Wakacheka, halafu wakaona sicheki. Wamesahau kwamba ulinifundisha mwenyewe, kwenye ule uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa hapa Miyuji, ukikimbia kando yangu umeshika kiti kama unamfundisha mtoto baiskeli, na mimi ni mtu mzima nina mshahara wangu. Niliona aibu siku ile. Leo ningelipa chochote uje unitie aibu tena.

Pikipiki ikanikataa, Baba. Kuwaka inawaka. Nikishatoka getini inaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi, na ofisini nafika nanuka petroli mpaka wenzangu wananiuliza kama nimehamia sheli. Plagi nikiifungua ni nyeusi kama sufuria ya msibani. Kwako ilikuwa inaimba. Nikajua shida ni mimi. Asubuhi moja ilizimika njiani, nikaisukuma pembeni, nikalia ndani ya helmeti, na watu wakanipita wakidhani naongea na simu. Niliwaza kwamba hata chuma kimejua mwenyewe hayupo.

Nikaipeleka Ipagala kwa fundi Lameki. Bado ana ile benchi mliyokuwa mnakaa, na bado miguu yake haijatengenezwa, ya benchi na ya Lameki.

Unakumbuka mlivyobishana juu ya kile kisanduku? Ulikuwa umeondoa ekzosi ya kiwandani ukaweka iliyo wazi, na boksi la chujio la hewa ukalitoboa ili ipumue, ulivyosema. Ikapumua kweli, ila ikawa inachemka na kukatakata kila ikipanda mlima. Ndipo ukaagiza kisanduku cha kuongeza mafuta, kadude kadogo kanakokaa chini ya kiti, kati ya kontrol boksi, ule ubongo wa pikipiki, na nozeli inayonyunyiza mafuta. Lameki akakuambia umeliwa. Waliotengeneza pikipiki hawakuwa wajinga, alisema, rudisha ekzosi yao, rudisha chujio lao, ulale usingizi. Nawe ukasema kontrol boksi inaijua pikipiki iliyotoka kiwandani, hii uliyoifumua wewe haiijui, na hewa ikizidi lazima awepo wa kuiambia iongeze mafuta. Mkabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nawasikiliza na naona mnasema jambo moja: Lameki anasema usibadilishe, wewe unasema ukishabadilisha malizia kazi. Ila nani angewaambia, na ubishi ulikuwa mtamu hivyo.

Basi Lameki akaipanda, akaizungusha mitaa ya Ipagala, akarudi anatikisa kichwa. Wala hakusema "nilimwambia." Alisema kwa upole, "Mwanangu, tukitoe tu hiki kisanduku. Nikurudishie kila kitu cha kiwandani, itatulia." Nikamwambia sawa, Jumatatu.

Nilisema sawa huku moyo haupo. Nguo zako tumeshagawa, zinatembea mitaani na watu wengine ndani yake. Viatu amechukua mjomba, na vinambana, ila hasemi. Kile kisanduku ndicho kitu pekee kilichokuwa bado pale ulipokiacha, umekivisha kipande cha tyubu ya baiskeli kisilowe, nyaya zake umezifunga kwa uzi wa bluu, na zile skrubu zake tatu za kupimia mafuta bado zimetazama ulikozielekeza wewe. Nilikuwa naenda kumlipa mtu akung'oe.

Jioni nikamwambia Mama. Unajua tangu tukuzike kule Gulwe alikuwa hataki hata kuigusa ile pikipiki. Yeye aliyekuwa anaiita mke mwenza, aliyekuwa anauliza "mke mwenzangu leo amekula?" kabla hujaiwekea mafuta. Kila nilipomwambia apande alisema hawezi kukaa nyuma ya mgongo mwingine. Siku hiyo alikuwa anachambua mlenda. Akaacha mikono ndani ya ungo, akasema, "Kabla hamjamkata ulimi, nipeleke Gulwe nikamsalimie baba yako."

Tukaondoka Jumamosi asubuhi, yeye na helmeti yake ya zamani, khanga ameifunga kwa nguvu, kikapu cha unga amekipakata katikati yetu. Na Mama, anisamehe, si mwepesi. Kiti kililia. Nikasema moyoni, peke yangu inazimika, na huyu je?

Haikuzimika. Tulipotoka mjini na barabara ikaanza kupanda, nikavuta resi nikisubiri kikohozi, na kikohozi hakikuja. Nikavuta tena. Ikaimba, Baba. Ile sauti nzito, iliyonyooka, iliyokuwa inanifikia jikoni kabla hamjafika kona. Nilidhani nimechanganyikiwa. Tumeipita Mbande, tumekata kwenda Kongwa, upepo unatupiga na vumbi lake, na yenyewe inaimba tu.

Kwenye kilima kimoja Mama akaniwekea kiganja chote begani, akakituliza hapo. Nikasimama nikidhani amechoka. Nikamuuliza kama anataka maji.

"Endesha," akasema. "Hiyo ndiyo ya kusema imekaa vizuri."

Sikuondoka. Nilizima pikipiki nikamgeukia, na palepale kando ya barabara akanieleza, kwa sauti ileile ya kunielekeza chumvi ya mboga. Kwamba kila mlipokuwa mnaenda Gulwe kumwona bibi, yeye alikaa nyuma akinusa moshi. Moshi ukinuka petroli, anakugonga bega la kulia, nawe unapunguza. Injini ikikohoa au joto likimpanda mguuni, bega la kushoto, nawe unaongeza. Unasimama popote, unainua kiti, unatoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, unazungusha skrubu kidogo, mnaondoka. Safari nyingi, mpaka siku akaweka kiganja chote nawe ukapiga honi porini kusiko na mtu wala mbuzi.

Miaka yote hiyo mimi nadhani mnapeleka unga! Kumbe mnapima. Ulikuwa unajivuna kwa Lameki kwamba umeirekebisha kwa sikio lako mwenyewe. Sikio gani, Baba? Ilikuwa pua ya Mama.

Na hapo nikaelewa kwa nini ilinikataa. Kisanduku hakikuwa kibovu, wala mimi sikuwa na mkosi. Ulikiwekea mafuta ya watu wawili na mzigo wao. Mjini ulikuwa unaenda kwa baiskeli, ukisema pikipiki ni ya safari, na safari hukuwahi kwenda bila yeye. Hukuipima hata siku moja ukiwa peke yako. Fundi mwingine angekumbuka kufanya hivyo. Wewe haikukujia akilini, na mimi nilikaa juu ya jiwe moja kando ya barabara nikakupenda kwa kosa hilo kuliko kwa yote uliyowahi kupatia.

Gulwe tulikukuta mzima, niseme hivyo, kaburi limekaa vizuri na bibi analifagia. Treni ilipita tukiwa pale. Mama akasubiri imalize ndipo aanze kuongea na wewe, na mimi nikasogea kando, kwa hiyo aliyokuambia mnayajua wenyewe. Nilisikia tu akisema amekuja na mke mwenzake.

Jumatatu nikaenda kwa Lameki kama tulivyopatana, nikamsimulia. Alicheka sana. Halafu akaanza kutafuta spana, huku ameishika mkononi, anainama huku na kule mpaka akapata nafasi ya kujifuta macho. Mwishoni akasema, "Nilimwambia kimemla. Kumbe kilikuwa kinafanya kazi yake. Mwambie." Nimekuambia. Bado anasema mwenye pikipiki ya kiwandani akifunga kitu kama hicho anatupa pesa, na anayekifunga bila kukipima ni bora angenunua mbuzi. Hapo nadhani usingembishia. Au ungembishia, chai ipoe.

Tumefanya hivi. Skrubu ya kwanza, ile ya resi ndogo ninayoitumia mjini, tumeipunguza, Lameki akisikiliza na mimi nikizunguka. Sasa nafika kazini nanukia sabuni. Ya tatu, ya kuvuta resi mpaka mwisho, sina haja nayo, siendi mbio, usihofu. Ya katikati, ya milimani na mzigo, Lameki aliinyooshea bisibisi akanitazama. Nikamwambia hiyo aiache.

Sitaigusa, Baba. Hiyo nakuahidi. Ekzosi ikioza nitabadilisha ekzosi, nozeli ikiziba nitaizibua, hata kiti nitakishona upya kwa sababu ya Mama. Ile skrubu itabaki pale mlipokubaliana.

Jumamosi tunakuja tena, ameshatenga unga. Pumzika vizuri. Ukisikia tunakaribia, hesabu watu wawili kwenye ile sauti, na mgongo ulioko mbele ni wangu.

Binti yako,
Tabitha