Nne na Nusu au Tano na Nusu

3 Machi

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo, na wenzako hapo kazini hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi hutangulia kuamka ili unisubiri na malalamiko. Wifi yako anakusalimu. Anasema nimenenepa. Mimi nasema ni shati lililonywea.

Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa. Kindi wa ardhini, wale wenye mkia kama ufagio uliochakaa, wamefukua karanga zangu zote. Nilipanda, wakafukua. Nikapanda tena, wakafukua kwa mstari, shimo baada ya shimo, utadhani nimewapa kibarua. Mitego wameiruka. Nikachanganya mbegu na majivu na pilipili, na pilipili wameifanya kiungo.

Iliyobaki ni ile mbegu nyekundu ya mama, nusu kopo. Unajua hakuna mwingine aliye nayo. Alituachia wewe na mimi, na yako uliikaanga ukiwa chuoni, usinikatalie. Mvua ya kupandia inakuja mwezi ujao. Mbegu hii ikikaa mwaka mwingine haitaota, na ikifukuliwa ndiyo basi, tutakuwa tumemzika mama mara ya pili.

Kibali cha bunduki ya upepo nimepata. Wewe ndiye fundi wa bunduki hizo hapo kwenye klabu yenu ya shabaha, basi niambie: ninunue ya milimita nne na nusu au ya tano na nusu? Nataka moja tu, ya kuwindia hawa wezi, na Jumapili nipigie vizibo vya chupa na wazee wenzangu nirudishe heshima yangu. Mkono wangu unaujua.

Kaka yako,
Hakosi

12 Machi

Shikamoo kaka,

Mimi mzima. Barua yako nimeisomea mezani pangu, kati ya mitutu miwili iliyofunguliwa na kikombe cha mafuta ya mashine ambacho nusura nikinywe nikidhani ni chai. Mwambie wifi namwamini yeye kuhusu shati. Na zile karanga za chuoni, nilikuwa na njaa, na nilidhani kesi hiyo ilishafungwa.

Sasa sikiliza. Nne na nusu ni nyepesi, inakwenda mbio na kwa kunyooka. Hiyo ndiyo tunayotumia hapa kwa karatasi. Tano na nusu ni nzito, inakwenda kivivu na kuinama njiani kama wewe ukitoka harusini, lakini ikifika, imefika. Kwa kindi wakubwa ningekwambia tano na nusu, mnyama afe mara moja asiteseke. Lakini risasi nzito ikimpata mguuni, mateso ni yale yale. Mnyama haulizi namba ya risasi, anauliza imempata wapi. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo nikiwa na miaka tisa, nimelala kifudifudi nyuma ya banda la kuku, na hukunipa risasi hata moja mpaka nikajua kupumua.

Kwa hiyo sitakujibu mpaka nione. Azima bunduki ya jirani yako, yule mlinzi mstaafu. Bandika karatasi, hesabu hatua thelathini, piga kumi, kisha nitumie karatasi yenyewe. Matundu yakitawanyika, tutazungumza. Yakijikusanya, nakupakilia tano na nusu kwenye basi la kwanza.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Huku wazima.

Karatasi ni hiyo. Kumi zote. Zifunike kwa kifuniko cha chupa ya soda uone kama kuna itakayochungulia nje. Jirani alishika kiuno, akasema watu kama mimi walikwisha zamani. Sitaki kujisifu, ila nikiacha kujisifu nani atanisaidia kazi hiyo?

Basi tuma ya tano na nusu, na usichelewe. Mawingu yameanza kukaa upande ule yanapokaa, na kindi nao wamekaa ukingoni mwa shamba wakinitazama kama wageni waliosikia sufuria ikilia. Wifi yako amehamishia kopo la mama chini ya mto wake. Analalia mbegu kama kuku. Tafadhali.

Kaka yako,
Hakosi

29 Machi

Shikamoo kaka,

Natumaini mko salama. Mimi siko sana.

Risasi ikitoboa karatasi huacha pete ya kijivu ukingoni mwa tundu. Ni madini laini ya risasi yenyewe yakijipangusa, na haijawahi kutokea isiiache. Matundu yako yote kumi nimeyaweka chini ya taa. Ni safi kama sahani za wageni. Na nyuma ya karatasi vimeng'ang'ania vijichembe vya mbao. Huu ni msumari, kaka, na umeupigilia juu ya meza ya wifi.

Nilicheka mpaka kijana wa mapokezi akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikatoa barua zako mbili nikaziweka pamoja, na kicheko kikaniishia. Ya kwanza inapanda mlima kuanzia mstari wa nne. Ya pili ina herufi kubwa kama za kibao cha duka, na salamu zimepandana na tarehe. Mtu aliyenifundisha kulenga hakuwa na sababu ya kuchukua msumari.

Kaka, unaona?

Sitatuma bunduki. Usipande kwanza. Nijibu hilo moja tu.

Mdogo wako

17 Aprili

Shikamoo kaka,

Wiki ya tatu hii. Nasikia mvua imefika huko. Nikasirikie, ni haki yako, lakini nikasirikie kwa barua.

Hapa klabuni anakuja daktari wa macho, mpiga shabaha mbaya kuliko wote lakini daktari mzuri. Nimemweleza. Anasema kama ni ukungu wa mtoto wa jicho, mara nyingi unaondoka kwa upasuaji, ila usiachwe muda mrefu. Ameniuliza ukungu umeanza lini. Hilo nakuuliza wewe.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na unisamehe. Ukiona mistari imenyooka leo si kwamba nimepona. Wifi yako amenishikia rula.

Ukungu umeanza mwaka jana, jicho la kulia. Nilidhani ni vumbi la kupepeta. Mwaka huu la kushoto nalo limefuata, kama ng'ombe. Sikumwambia hata yeye. Ningeanzia wapi? Kijiji kizima kinaniita Hakosi.

Nilipanda mbegu ya mama siku tatu baada ya mvua. Wewe bunduki umeninyima, nikamwendea jirani nikamdanganya, akaniazima yake ya tano na nusu. Nikakaa ukingoni tangu asubuhi. Nikaona kitu cha kahawia kimeinama kwenye tuta, kinafukua. Nikapumua kama nilivyokufundisha. Nikavuta.

Kikasimama. Kilikuwa kirefu. Kilikuwa kimevaa kanga.

Wifi yako alikuwa amekuja kufukia mashimo, na ndoo yake ya maji pembeni. Akatazama ndoo iliyotobolewa, akanitazama mimi.

"Mzee, ulikuwa unalenga nini?"

"Kindi."

"Kindi wa kimo gani huyo?"

Kisha akakaa chini kwenye matope, maji ya ndoo yakimtiririkia mapajani. Maisha yangu yote nimejivuna kwa risasi nilizopata. Sasa kila nikifumba macho namshukuru Mungu kwa moja niliyokosa.

Bunduki nimeirudisha, na jirani nimemwambia ukweli. Mwambie daktari umeanza mwaka jana, baada ya mavuno. Muulize kama huo ndio muda mrefu aliousema. Jibu lolote, wifi yako ndiye atakayenisomea, kwa hiyo usimfiche, na mimi sitaweza tena kumficha.

Kindi wamemaliza zilizobaki shambani. Katika bahasha kuna kipande cha plastiki, nimekikata kwenye ndoo. Wifi yako anasema tundu lina pete ya kijivu. Basi karatasi uliyoitaka ndiyo hiyo, hatua thelathini kamili.

Na kwenye kitambaa ni mbegu ya mama, zile zilizomwagika kwenye kopo wifi yako akazisahau chini ya mto. Nimezihesabu kwa vidole, mara tatu, ni arobaini na moja. Zipande huko kwenye ndoo, kwenye makopo, popote pasipofika mkia.

Safari hii usizikaange.

Kaka yako