Mtu wa Ng'ambo ya Mto

Bawshar, Muscat
8 Machi 1992

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Kikohozi cha Januari kimekuacha? Nakuomba uvae sweta asubuhi hata kama unaona aibu. Mimi ni mzima, ila joto la huku limewahi mwaka huu.

Bi Masouda, yule mama ninayemuuguza tangu avunjike nyonga, sasa anatembea na fimbo mpaka barazani. Alizaliwa Unguja, kwa hiyo tunaongea Kiswahili mchana kutwa. Kiarabu huingia akiwagombeza wanawe.

Ibada yetu ni Ijumaa. Wakenya tunakutana sebuleni kwa dada mmoja, Beryl. Mwezi jana alijiunga nasi kijana anayeitwa Jacob, dereva wa kampuni kule Rusayl kwenye viwanda. Hutupitia na gari, mmoja mmoja. Alipotaja kwao nilishtuka: ng'ambo ya mto, mkabala na kanisa lako! Baba, anakujua. Aliniuliza, "Mchungaji bado anahubiri yale mambo ya uongozi?" Nikamwambia baba yangu huhubiri Injili tu. Akacheka. Juzi akauliza tena kama bado unalala kwenye nyumba ya kanisa, na kama uko peke yako.

Mtu aliye Muscat anataka kujua unakolala, kwa nini?

Redioni tumesikia kuna nyumba zimechomwa huko. Nijibu upesi, na uchunge unayoyaandika.

Mwanao,
Jemimah


Kanisani, Musikhulu
12 Aprili 1992

Mwanangu Jemimah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kikohozi kimepona, sweta ninavaa. Barua yako imenifikia, lakini kuna aliyeisoma kabla yangu. Bahasha ilikuwa imebandikwa upya, kwa gundi nyingi kuliko mtu mwenye haraka kama wewe anavyoweza kuweka.

Uliyoyasikia ni kweli. Vijana waliletwa kwa malori kutoka ng'ambo, wakiwa na mishale na petroli. Upande wetu wa chini haukubaki na paa. Watu wanalala kanisani; mabenchi tumeyatoa nje ili watoto wapate nafasi. Chifu alikuja akaniambia mbele ya akina mama, "Mchungaji, wewe lisha kondoo, ya serikali tuachie sisi." Nikamwuliza malori yalikuwa ya nani. Akatazama saa yake, akaondoka.

Jumapili nilihubiri, na ninakuandikia kama nilivyosema, hata huyo anayetangulia kusoma asome vizuri. Nilisema: tulipokuwa vijana tulifunga na kuomba watu weusi wajitawale, na Mungu alitusikia. Tangu siku hiyo hatuna mzungu wa kumbebesha dhambi zetu. Mtu mweusi akichomewa nyumba na mtu mweusi, mbele ya chifu mweusi, na mchungaji mweusi akanyamaza, huyo mchungaji atajibu nini siku akiitwa?

Ila kuna jambo linaninyima raha. Tunayozungumza na wazee wa kanisa, mlango ukiwa umefungwa, chifu huyapata siku hiyo hiyo. Siku hizi tukiinamisha vichwa kuomba, mimi hufumbua macho na kuwatazama mmoja mmoja. Najua si vizuri. Nafumbua tu.

Huyo Jacob ni mtoto wa nani?

Baba yako,
Rufus


Bawshar, Muscat
10 Mei 1992

Baba mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaolala kanisani. Mimi sijambo kimwili, moyo ndio haujatulia.

Nimepata jibu. Jacob ni mtoto wa Mwalimu Carol wa shule ya ng'ambo, na Mwalimu Carol ni dada ya chifu. Nilimwuliza ndani ya gari, akasema bila hata kubabaika, "Ndiyo, chifu ni mjomba wangu." Ameyaficha haya tangu lini?

Nilimweleza Bi Masouda. Akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Sikiliza, mwanangu. Walipotujia sisi kule kwetu Unguja, wakati wa mapinduzi, hawakuujua mlango. Aliyewaonesha ni jirani, tukila naye sahani moja. Nnamjua kwa jina, na mamake nnamjua."

"Lakini huyu yuko huku Muscat, Bi Masouda."

"Na wewe si uko huku? Na khabari za kwenu si unazo?"

Ijumaa, kabla ya maombi, nilisimama nikasema kuna mtu kati yetu anayepeleka habari zetu nyumbani, na kwa sababu yake mtumishi wa Mungu anawindwa. Sikutaja jina. Sikuhitaji, wote waligeuka. Jacob akasema, "Dada Jemimah, ungeniuliza mimi kwanza." Akachukua funguo zake akatoka. Sasa watu wanakuja kwa teksi.

Baba, nakusihi, nyamaza mpaka uchaguzi wa mwaka huu upite. Mungu anakujua. Kunyamaza miezi michache hakutamfanya akusahau.

Mwanao,
Jemimah


Bawshar, Muscat
19 Julai 1992

Baba mpendwa,

Hujambo? Nauliza nikijua sitajibiwa leo. Hii ni barua ya tatu tangu Mei. Je, zinafika? Kama zinasomwa na mwingine, basi huyo aniambie baba yangu yuko wapi.

Jacob alikuja hapa Bawshar mchana wa jua kali. Alisimama nje ya geti, mimi ndani.

"Nimesikia Mchungaji amekamatwa," akasema. "Fungua tuongee."

"Umesikia kwa nani? Kwa mjomba wako?"

"Kwa mama. Jemimah, nataka kukuambia alichoniandikia."

"Umeridhika sasa?" nikamwuliza. "Au bado kuna kitu unataka kujua, ukawaambie?"

Akarudi garini, shati limemganda mgongoni. Bi Masouda nilimpa dawa yake kwa kuchelewa. Aliniambia nimefanya vyema kutomfungulia Jacob. Sijui kama nilifanya vyema. Sijui chochote.

Mwanao,
Jemimah


Musikhulu
2 Oktoba 1992

Kwa Jemimah,

Bwana asifiwe. La kwanza, ujue niko hai.

Mwandiko huu si wangu. Vidole vya mkono wangu wa kulia vilivunjwa, na anayeandika ninayosema ni Mwalimu Carol, mama yake Jacob. Usishtuke.

Mwezi wa Mei nilitembea na watu waliochomewa mpaka kwa mkuu wa tarafa, tukamwuliza hadharani yale malori yalikuwa ya nani. Nilikamatwa njiani tukirudi. Waliniachia mwisho wa Agosti bila mashtaka. Waliyonifanyia huko Mwalimu amekataa kuyaandika; anasema binti asome mengine.

Basi nikueleze haya mengine. Uji niliokunywa kituoni ni yeye aliyeuleta. Jacob alimwandikia: "Mama, vuka uende ukamwone Mchungaji, mtu asije akasema hakuna wa kwetu aliyekwenda." Mara ya kwanza alifukuzwa. Kaka yake, chifu, akamwambia achague. Akarudi tena na uji. Kwa ajili hiyo watu wa kwao walimchomea jiko na kung'oa mahindi yake, na sasa analala humu kanisani pamoja na waliochomewa na ndugu zake. Wengine hawali anachopika. Naona wanavyopitisha sahani.

Na yule aliyekuwa anapeleka maneno yetu ni Mzee Nabiswa, aliyekushika mkono siku ya ubatizo wako. Alikuja mwenyewe kuniambia. Aliahidiwa shamba la waliokimbia.

Wako katika Bwana,
Mchungaji Rufus


Bawshar, Muscat
25 Oktoba 1992

Kwa anayesoma barua hii,

Salamu. Kama wewe ni baba yangu, nisamehe. Kama si wewe, basi soma mpaka mwisho.

Baba yangu hajawahi kuanza barua kwa "Kwa Jemimah". Hajawahi kuniandikia "Mchungaji". Na habari hizi zinaufaa sana ukoo wa chifu: msaliti awe wa kwetu, mwokozi awe wa kwao! Mzee Nabiswa ameimba na baba yangu tangu sijazaliwa. Nitaaminije kalamu iliyo mikononi mwa dada ya chifu?

Siku nilipoondoka, baba yangu aliniambia neno moja kwenye stendi ya basi. Hakuna mwingine aliyesikia. Niandikie neno hilo, au usiniandikie tena.

Jemimah


Musikhulu
22 Novemba 1992

Mwanangu,

Afya yangu ni hii unayoiona kwenye herufi. Naandika kwa mkono wa kushoto, na karatasi hii imenimaliza asubuhi nzima.

Kwenye stendi nilikuambia: usije ukaolewa huko kwa sababu ya upweke. Ukakasirika, ukapanda basi bila kunipa mkono, kisha ukanipungia dirishani. Umetosheka?

"Kwa Jemimah" liliandikwa hivyo kwa sababu Mwalimu aliona haya kuandika "Mwanangu". Barua yako ni yeye aliyenisomea, maana sikuweza hata kufungua bahasha. Alisoma yote, mpaka lile la kalamu. Akaikunja, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Jumapili ilikuwa meza ya Bwana. Nabiswa alikuja mbele na wengine. Kanisa zima lilinitazama. Nilimpa mkate, meza si yangu. Baada ya ibada nikamwambia, "Kesho tunakwenda wote kwa mkuu wa tarafa, ukaseme ulichoniambia." Alikuja. Akasema mbele ya watu ni nani alimtuma na alimwahidi nini. Hakuna karani aliyeandika hata neno, lakini watu walisikia.

Wakati ule nilipokuwa nikifumbua macho, Jemimah, niliwatazama wazee wote. Yeye nilimpita. Nilimpenda mno.

Mwezi ujao tunapiga kura. Mambo ya huku niachie. Wewe unayo yako huko.

Baba yako,
Rufus


Bawshar, Muscat
16 Desemba 1992

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mkono unaendeleaje? Usiukimbize. Mimi ni mzima.

Nilimsomea Bi Masouda barua yako. Akasema, "Wangu alikuwa jirani kweli. Huyu wako sikumjua. Ulimi wangu ulitangulia." Akamwita mwanawe Ghanim anipeleke Rusayl.

Jacob alikuwa anashusha mizigo mlangoni mwa ghala. Aliniona, akamalizia boksi alilokuwa amelibeba.

"Mama ameniandikia," akasema. "Anasema barua yako haikuwa na kosa hata moja la tahajia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwuliza kwa nini alitaka kujua baba yangu analala wapi.

"Kwa sababu mama aliandika kwamba wanamtaka. Nilitaka umwambie asilale pale peke yake. Nilikosa namna ya kulisema ndani ya gari, watu wote wakisikiliza. Na alipokamatwa nilikuja getini kwako kukuambia mama anakwenda kumwona kituoni."

"Nilidhani wewe—"

"Ulidhani nini? Taja kitu kimoja nilichofanya."

Baba, nilitafuta. Sikupata.

"Hukunishuku kwa jambo," akasema. "Ulinishuku kwa upande wa mto. Wale walioleta malori walianza hapo hapo ulipoanza wewe."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia." Si "nimekusamehe", Baba. Nimekusikia. Akaingia ghalani, na Ghanim akapiga honi.

Nimefikiri sana juu ya mahubiri yako. Niliyasoma nikijivuna kwamba ni baba yangu, nikidhani yanamhusu chifu. Sikuona kwamba yamenikuta mimi huku, sebuleni, nimesimama kabla ya maombi nikichoma nyumba ya mtu kwa mdomo.

Ijumaa hii tunakutana kwa Beryl. Nitasimama pale pale. Nitamtaja Jacob kwa jina, na nitasema kwamba niliyosema yalikuwa uongo, na kwamba mama yake alimlisha baba yangu. Beryl ananisihi niache. Anasema watu wameshasahau na nitajiaibisha bure. Nikamwuliza, "Wamesahau, au wameamini?" Akaanza kukusanya vikombe.

Jacob hatakuwepo. Haji tena. Nitasema hata hivyo.

Mpe Mwalimu Carol salamu zangu ukiona zinapokeleka. Ukiona bado, zikae kwako.

Mwanao,
Jemimah