Mwiba wa Nungunungu

Tororo, 4 Machi 1967

Kwako ndugu Swaliki,

Habari za Busia? Mkono umeacha kutetemeka? Mimi mzima kama mwamba wa hapa kwetu. Darasa la tano niliacha, lakini mezani mimi ndiye mwalimu! Vijiti thelathini tulivimwaga, na sheria unaijua: ukivuta kimoja, kingine kikitikisika, kwisha. Wewe kilitikisika. Mwiba wa nungunungu, mkubwa wa vijiti vyote, sasa wangu, na jogoo niliyemweka dau nabaki naye. Vijana wa sokoni wananiita Bwana Mwiba.

Kaka yako mkubwa wa meza,
Oluka

Busia, 11 Machi

Oluka,

Salamu zimefika. Mama hajambo, ila kila siku ananiuliza mwiba wa marehemu baba uko wapi. Namwambia nimemwazima mtu.

Dada yako Akongo alikuja gulioni. Kumbe kila Alhamisi saa sita wanalipua mawe huko kwenu, na meza yenu inaruka mpaka vikombe vinaanguka! Ndiyo maana Alhamisi ile ulinipa mihogo: "Kula kwanza, Swaliki, zamu yako haikimbii." Ulikuwa unangoja baruti. Mwizi. Rudisha.

Aliyekuwa ndugu yako,
Swaliki

Tororo, 20 Machi

Kwako ndugu mwenye hasira,

Umeamkaje? Maini yamepoa? Haya, saa ya baruti niliijua. Kwani mawe nalipua mimi? Ungejua wewe, ungenifanyia hivyo hivyo. Lakini namwonea mama huruma. Mwiba huo hapo, nimeufunga kwenye gazeti. Njoo tucheze tena, nitakupiga nimefumba jicho moja.

Kaka yako mkarimu,
Oluka

Busia, 2 Aprili

Oluka,

Gazeti alilifungua mama mwenyewe. Akaupitishia mwiba kidole mara moja, akauweka chini. "Huu si wake." Wa baba una alama ya jino kwenye shina, alikuwa akiubana mdomoni huku anamwaga vijiti. Huu umeuokota wapi, porini kule Merikit? Kumdanganya mjane nyumbani kwake! Alhamisi nakuja. Sichezi na wewe. Nautaka wa baba.

Swaliki

Tororo, 4 Aprili

Swaliki,

Msalimie mama. Usije.

Ulivunjika siku ile ile. Wewe hata stendi hujafika, mimi nawaonyesha vijana jinsi ninavyousimamisha juu ya pua. Wakacheka, nikacheka, ukaanguka, nikaukanyaga. Tangu hapo hakuna anayetaka kucheza na mimi. Hilo jina la Bwana Mwiba nilijipa mwenyewe.

Akongo anakuletea vipande viwili. Jino la baba yako liko kwenye hicho kifupi, halikuguswa. Anamleta na jogoo pia. Mpe mama, amchinje.

Ndugu yako,
Oluka

Busia, 8 Aprili

Oluka,

Vipande vimefika. Mama amevifunga kwenye leso yake.

Jogoo wako anarudi na Akongo. Kamba ya miguuni hatukuifungua.

Swaliki