Wimbo wa Mlevi wa Mlangoni

Kaka,

Sikuulizi hali, maana najua umeshiba na umetusahau. Huku spika ya kushoto bado inakoroma, na mpiga ngoma wetu ameoa. Jumamosi mchana tulipiga kwenye baa ileile, bendi tatu za roki tukigombania seti moja ya ngoma.

Baba alikuja bila kualikwa. Aliketi mbele kabisa na soda yake, kwa sababu pombe ameacha, huu mwaka wa pili, jambo ambalo ungelijua kama ungekuwa unapiga simu. Watu wakaanza kugonga meza, wanautaka ule wimbo wako wa baba mlevi anayelala mlangoni. Wewe uliutunga ukaondoka zako. Mimi ndiye ninayeuimba. Nikauimba. Baa nzima ikaitikia kibwagizo, na baba akapiga makofi kama wengine.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza taratibu, "Yule mzee wa kwenye wimbo, wanawe huwa wanamtembelea?"

Swali hilo halikuwa langu. Njoo umjibu mwenyewe, na hilo gitaa lako uliache hukohuko.

Dada yako, hata kama hutaki