Tangi Lililoegeshwa Mlangoni Kwetu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke wa miaka 61, fundi cherehani, maarufu kama Mama Vifungo.
Makazi: nyumba ya kona, kwa binti yake na mkwewe.

Naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Sijatishwa wala kushawishiwa na mtu.

Mkwe wangu ni dereva wa lori la mafuta. Mtaani kwetu kimewekwa kibao cha kukataza malori kuegeshwa kwenye makazi, lakini yeye aliendelea kuliegesha mbele ya nyumba. Majirani walimsihi, kisha wakamfokea. Jibu lake lilikuwa moja: "Laleni usingizi, halina kitu."

Mnamo Jumamosi iliyopita, saa kumi alasiri, nilikuwa barazani nikipinda sketi. Mwenyekiti wa mtaa alifika na majirani pamoja na gari la kuvuta. Mkwe wangu alikuwa amelifunga lori kwa mnyororo kwenye nguzo ya geti, hivyo mwenyekiti akamwita mchomeleaji, jirani yetu wa ng'ambo, aje na mashine ya kukatia chuma.

Mchomeleaji alisita. Alimuuliza mkwe wangu, "Bwana dereva, una hakika ni tupu?"

"Tupu kabisa. Kata, tutaonana mahakamani."

Alisema hivyo huku akiniangalia mimi, jasho likimtiririka shingoni. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemkuta uvunguni mwa lori akikinga petroli kwenye madumu. Aliniambia, "Mama, haya ni mabaki tu. Yaishie hapa hapa."

Mchomeleaji alipiga magoti, akawasha mashine. Nilisimama.

Nikasema, "Zima. Lina petroli. Madumu yako stoo, mkayaone."

Binti yangu alitokea mlangoni. "Mama! Nyamaza, Mama!"

Nikarudia, kwa sauti zaidi. Mchomeleaji aliichomoa waya, akaitupa mashine upande wa pili wa barabara. Watu walitawanyika wakikanyagana. Mkwe wangu hakukimbia. Aliketi chini, akajishika kichwa.

Zimamoto walipofika walikuta koki ya tangi inavuja, na ardhi chini ya mnyororo imelowa. Hakuna aliyeumia. Polisi walimchukua mkwe wangu pamoja na madumu.

Jioni hiyo binti yangu aliniambia, "Umemfunga baba wa mwanangu kwa mdomo wako."

Nilimjibu kwamba mwanawe alikuwa amelala barazani, kwenye vitambaa vyangu, wakati mashine inawashwa. Tangu hapo hatujasemezana.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nilimsomea shahidi maelezo yake na kumuuliza kama kuna neno angependa liondolewe, kwa kuwa mtuhumiwa ni mkwewe. Alijifuta macho kwa pindo la khanga, kisha akasema, "Liache lote, mwanangu." Binti yake alikuwa akimsubiri nje.