Shimo ya ndizi, jina ya Mujinga

Mama yangu wa Sandoa,

Jambo mingi, mama. Magoti inakuuma tena, ao unapanda kilima ya shamba kama binti? Mi mwili iko muzima. Uzuri nao haijapunguka, babinti ba huku Manika bangali banageuka wakati napita. Ni moyo njo haiko muzima.

Niliachaka kuvuta kamba kwa creuseurs, benye kuchimba mashimo ya shaba. Maîtresse, mwalimu wa batoto badogo ku masomo ya paroisse yetu, alienda kuzaa, banatafuta mutu wa kushika kalasi yake. Nikasema: «Munipe mi! Hesabu ninakulaka kama bukari.» Unajua masomo yangu iliishia wapi, mama. Ile sikuitaja.

Siku moja nikataka batoto balinganishe namba. Nikachora ku tableau, ubao ya kalasi, mashimo mbili ya kushuka chini: moja ya benye kupenda mikate ya mafuta, moja ya benye kupenda ndizi. Kila mutoto achore kaduara kamoja mu shimo yake. Ya mikate nilianzisha juu kabisa. Ya ndizi nilianzisha katikati, sababu kule juu tableau ilipasuka. Mikate ikapata biduara munane, ndizi tano, lakini ndizi njo ilifika chini zaidi.

«Gani inashinda?» Nikajibu mi mwenyewe: «Ndizi! Yenye kufika chini njo kubwa.» Si ku mashimo tunasemaka vile?

Kasichana kamoja kananyoosha mukono. «Monsieur, mikate iko munane. Ndizi iko tano.»

Nikahesabu na macho. Aliona vizuri. Lakini batoto bote bananiangalia, mama, na mi njo Monsieur. Jina yake ni Mujinga. Bao ni batu ba Kasai, na kwa Tshiluba, luga yabo, ni jina nzuri, jina ya kambo yake, mama ya mama yake. Kwa Kiswahili yetu unajua inasema nini. Nikacheka: «Aa, we! Jina yako inakufaa kabisa!»

Batoto bakaanguka na kicheko. Yeye akashusha mukono polepole. Kesho yake hakukuja, na kesho ingine pia.

Kisha maîtresse akapita kutusalimia, mutoto ku mugongo. Akauliza batoto: «Munane na tano, gani kubwa?»

«Tanooo!»

Akaangalia tableau, akaniangalia mi. Akapangusa yote, akachora mustari moja chini: «Mikate, ndizi, zote zinaanza hapa, Monsieur, kisha njo tunalinganisha.» Akachora mustari ingine ya namba, kutoka zero mpaka kumi, batoto baruke na kidole. Bakaelewa mbio. Maîtresse akauliza: «Nani alijua tangu mbele?» Bakajibu: «Mujinga!» Na bakacheka tena, sababu mi njo nilibafundisha kumucheka.

Nikaenda kwao. Kambo yake alikuwa ku mulango, anachagua maharagi.

«Kambo, nakuja kuomba samahani kwa Mujinga.»

«Hapa hakuna Mujinga tena. Anasema eko Marie.» Hakuinua macho. «Hesabu, maîtresse atamufundisha. Jina yangu, we petit, utamurudishia na nini?»

Nikachutama, nikaanza kuchagua maharagi naye. Mi, mama! Mi mwenye ulisemaka nilizaliwa na meno juu ya kujibu batu.

Kazi ku moja, siku ya kwanza ya juma, kambo akaleta kasichana, amemushika mukono. Nikasimama mbele ya kalasi: «Alisema kweli. Mi niliona anasema kweli, nikamucheka. Mujinga wa Kiswahili, muangalie, ni mi.» Bakacheka mpaka kupiga meza. Yeye hakucheka. Nikamuita ku mustari ya namba: «Saba na ine, gani kubwa?» Akaruka na kidole mpaka ine, akaendelea mpaka saba. «Saba. Iko mbali na zero.» Hakukosea hata kidogo.

«Bravo, Mujinga!»

«Marie, Monsieur,» akajibu chini-chini.

Mama, we unasali mingi kuliko mi. Ukimutaja ku sala, mutaje na jina ya kambo yake.

Nisalimie tata mudogo, fundi wa baiskeli, na yaya, dada yangu mukubwa mwenye kuuzisha samaki, umuambie aache kunisema. Na bale bamama ba chorale ya kanisa benye ulielezea eti mi ni professeur, baambie bangojee kwanza.

Ni mi mutoto yako, mudomo mingi,
Trésor