Mzunguko Mmoja wa Toroli

Tampa, 4 Februari 1979

Shemeji Nicanor,

Salamu. Moyo wangu siku hizi unadunda kwa fujo kama mlevi mlangoni. Wewe najua u mzima. Hakuna ugonjwa unaovumilia kukaa nawe. Dada yangu Hortensia mpe salamu za kweli.

Sisi tulioondoka Kuba sasa tunaruhusiwa kuja kutazama ndugu. Nakuja Aprili, basi tayarisha toroli. Hujasahau ule mchezo wa besiboli wa mwaka 1955: bluu yangu na nyekundu yako, mbili kwa mbili, raundi ya mwisho. Mpira ukadakwa mbali kushoto, mkimbiaji wetu akatimka kutoka kituo cha tatu, akaserereka hadi kituo cha nyumbani katika wingu la vumbi. Mwamuzi akanyoosha mikono: amefika, tatu kwa mbili, tumeshinda! Tulikuwa tumepatana mbele ya Cárdenas nzima kwamba atakayeshindwa atamsukuma mwenzake kwa toroli kuzunguka bustani ya mji mara moja, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Tangu siku hiyo gurudumu lako bovu!

Nataka kuketi humo kabla sijafa. Daktari hanipi muda mrefu.

Shemeji yako,
Evelio

Cárdenas, 27 Februari 1979

Shemeji Evelio,

Sisi wazima, ila kahawa ni haba. Hortensia amelia kwa barua yako, mimi nimecheka. Uje na mabegi ya kujionyesha, halafu usukumwe kama gunia la viazi?

Yule mkimbiaji alitolewa! Mdakaji wetu wa kituoni alimgusa gotini kwa mpira kabla mkono wake haujafika. Mimi nilikaa karibu. Wewe ulikuwa jukwaani juu kabisa, ukimkonyeza muuza karanga. Mwamuzi kipofu, na wewe mpambe wake. Njoo ule, ulale, urudi zako. Sisukumi mtu kwa uongo, na toroli halina gurudumu.

Shemeji yako,
Nicanor

Tampa, 15 Machi 1979

Shemeji Nicanor,

Habari za visingizio vyako? Naona vinanenepa kuliko wewe.

Gurudumu nimenunua, nakuja nalo. Ulikaa karibu, ndiyo, ila kofia ulikuwa umejifunika usoni! Hortensia aliniambia siku ileile: “Kaka, huyu hakuona kitu, alikuwa anasali.” Miaka yote hii unabishana juu ya vumbi ambalo hata hukulitazama. Tayarisha pampu, mwoga wewe.

Shemeji yako,
Evelio

Cárdenas, 22 Aprili 1979

Shemeji Evelio,

Hali yako siiulizi. Binti yako Mirta amefika na gurudumu mkono mmoja, na mkono wa pili wewe, majivu ndani ya kopo. Siku zote ulipenda kuchelewa ili usubiriwe.

Gurudumu lako ni la hovyo, linavuta kushoto. Leo Jumapili nililifunga, nikakuweka juu ya mto wa Hortensia, tukaenda bustanini. Waliotoka kanisani ni wachache siku hizi, lakini walitosha kunicheka.

“Mzee Nicanor, umebeba nini?”

“Shemeji yangu. Mvivu, hataki kutembea.”

Yule kinyozi Fermín, shabiki wa bluu mwenzako, akapiga kelele kutoka kwenye benchi: “Kwa hiyo unakubali? Alifika?”

“Alitolewa!” nikamjibu. “Alitolewa, na wewe pia mjinga.”

Kisha nikakuzungusha mara ya pili.

Kesho tunakulaza kando ya mama yako. Mirta ataiweka barua hii humo kaburini, maana najua hutanyamaza.

Shemeji yako,
Nicanor